Matusi Katika Katuni

Hatuna ugomvi na hadithi za katuni. Kijana asiyefungua riwaya huzisoma mpaka kurasa zikachakaa, na hilo ni jambo la heri. Wala hatudai mhuni wa kwenye katuni azungumze kama sheikh aliye mimbarini. Lugha ya mitaani ina utamu wake. Tunalolikataa ni neno linalomvua mtu utu wake, kisha likaletwa kwa msomaji kama kichekesho.

Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa Tanzania hasa kuanzia mwaka 2007, yalikuwa na msamiati wake. Mtu alipita njiani akaitwa "dili", yaani biashara. Panga lilishikwa kwa tamaa na ushirikina, si kwa neno. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuwazoesha wapita njia kumwona jirani yao kama bidhaa. Mchoraji anayelitia neno hilo kinywani mwa mhusika apendwaye, pasipo hata mmoja wa kumkanya, analirudisha mtaani likiwa limenawiri.

Watatuambia kwamba hasira haichoreki bila matusi. Mbona Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin (na aliyewadhalilisha Wakongo katika kitabu chake cha mwaka 1931, hatusahau), alimfanya Nahodha Haddock afoke kurasa nzima kwa maneno ya ajabu yasiyo machafu? Waandishi wetu, wenye lugha iliyojaa vijembe na mafumbo, washindwe kwa lipi? Wahariri nao wakisome kila kiputo cha maneno kabla kazi haijapelekwa mitamboni.