Mgonjwa wa kipindupindu kabla ya kufika kambini

Kila masika yakikaribia, wananchi wa Unguja na Pemba huhimizwa kuchemsha maji, kunawa mikono na kutumia vyoo. Mahimizo hayo ni ya haki, nasi tunayaunga mkono. Lakini hazisemwi vya kutosha zile saa za mwanzo, wakati mgonjwa bado yumo mikononi mwa jamaa zake.

Wimbi la saba la kipindupindu duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961, likafika visiwani kwetu mwaka 1978, na mpaka leo halijakwisha. Maradhi haya huweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa saa chache, kwa kumkausha maji tu. Kwa mkaazi wa kisiwa kidogo kama Tumbatu, saa hizo ndizo za kungoja maji yajae, kumtafuta mwenye chombo na kumwamsha sheha.

Kwa hiyo kila nyumba haina budi kuwa tayari kabla ya mvua. Ziwekwe pakiti za chumvi ya kurejesha maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, si vya kurundika. Mgonjwa anyweshwe kila anapoharisha. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aanzwe tena kidogo kidogo. Mtoto anyonyaye asiachishwe. Anayemuuguza anawe kwa sabuni, na asiwapikie wengine. Hapa wanaume wa nyumba wainuke barazani, kwani mara nyingi muuguzaji na mpishi ni mama yule yule.

Hata hivyo, kumuuguza mtu nyumbani si kumficha. Wako wanaoficha kwa aibu, na aibu hiyo, tuseme kweli, tumeichochea baadhi yetu viongozi, tunaoingia mitaani na makaripio kabla ya kuingia na klorini. Mgonjwa aliyebonyea macho, asiyekojoa au aliyelegea asingojeshwe asubuhi. Huyo anahitaji maji ya mshipa.

Hapo ndipo dhamana ya Serikali ilipo. Kila ofisi ya wilaya ijue mapema pakiti ngapi zimo katika kila kituo cha afya, boti ipi itavuka usiku, mafuta yake anayo nani, na nani ataidhinisha yatolewe bila ya kungoja saini ya asubuhi. Majina hayo tungependa kuyaona yamebandikwa mlangoni kwa kila sheha kabla ya tone la kwanza.