Mamba wa Mweru Hapimwi kwa Urefu
KANDO YA ZIWA, na Rehema Mwape

Wanaocheza michezo ya mezani ya dadu na mazimwi wana lalamiko moja la kudumu. Msimamizi wa mchezo huandaa dubwana la kutisha, wachezaji watano hulizunguka, na raundi ya tatu haijaisha limeshakufa. Safari inayofuata msimamizi huliongezea mwili. Nalipinga zoea hilo, na shahidi wangu ni ukingo huu wa Ziwa Mweru, hapa Nchelenge.

Hesabu kwanza. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka Marekani mwaka 1974, ndiyo mama wa michezo hii. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliyapa mazimwi kiwango cha changamoto, namba ya kumsaidia msimamizi kujua kundi gani linaliweza zimwi gani. Katika toleo la mwaka 2014 tembo ana kiwango cha 4. Vampaya, mwenye kimo cha mtu, ana 13. Kwa hiyo waandishi wenyewe hawakuupa mwili uzito mkubwa. Kinachoyaua madubwana ni zamu: watu watano hupiga mara tano wakati lenyewe linasubiri zamu yake moja. Ndiyo maana toleo hilohilo liliwaruhusu majoka wakubwa kutenda hata zamu za wengine zinapokwisha, na adui wakiwa wengi likaongeza hesabu ya ugumu: wawili mara moja na nusu, watatu hadi sita mara mbili.

Hesabu nzuri, ila haina ziwa ndani yake. Mamba wa toleo hilo ana kiwango cha nusu na alama 19 za uhai. Mwekeni kwenye nchi kavu, mchana, na watu wanne wenye mapanga watammaliza. Sasa mrudisheni kwenye matete. Mvuvi amesimama majini hadi kiunoni akivuta wavu, mikono yote miwili ina kazi, maji yamevurugika. Mamba haonekani mpaka ameshabana mguu, na akishabana huvuta kwenda chini. Kanuni humpa dakika 15 za kubana pumzi. Mtu wa kawaida zinampa moja. Hakuna aliyemwongezea mamba huyo hata alama moja, na bado pambano limekuwa la kufa na kupona.

Kuna ukubwa mwingine usiopigika kabisa. Kwenye mto Kalungwishi, unaomwaga maji yake Mweru, wazee husimulia juu ya Lumangwe, nyoka mkuu aliyejinyoosha kutoka maporomoko yenye jina lake hadi maporomoko ya Kabwelume. Msimamizi atakayempa nyoka huyo alama za uhai atakuwa amemdhulumu. Huyo ni mahali. Watu hupita juu yake, humwomba njia, humkasirisha bila kujua.

Na udogo? Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoumizwa zaidi na malaria. Mbu mkuu wa hapa, Anopheles funestus, hufuata damu ya binadamu, huuma usiku watu wakiwa ndani wamelala, na huzaliana kwenye maji tulivu yenye majani, ambayo ukingo huu unayo tele. Homa huja baada ya wiki moja au mbili, mtu keshasahau usiku ule. Watoto wetu wanakufa kwa sababu yake, kwa hiyo siitaji kama pambo. Nasema kwamba shambulio ambalo aliyeshambuliwa halijui mpaka limepita ndilo gumu kuliko yote, na wabunifu wa michezo wamelitumia kidogo mno.

Wasimulizi wa Unguja walielewa zamani kwamba adui hapimwi kwa mwili. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo kwenye mkusanyo ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870, paka wa sultani anakula mifugo, kisha watu, na sultani anamtetea kwa kuwa ni wake, mpaka anapowala wanawe watatu. Huyo ndiye Nunda. Mwana mdogo anakwenda kumsaka. Anaua mbwa, baadaye punda milia, twiga, kifaru, hata tembo, na kila mara mama yake anamwambia siye. Tazameni mpangilio huo: tembo anamzidi Nunda kwa mwili, lakini ametangulia. Nunda amewekwa mwisho kwa sababu ya wale aliowala.

Kwa hiyo anayetaka kuuleta Mweru mezani aanze na usiku wa kuvua samaki waitwao chisense. Boti moja, taa zinazowavuta samaki, wavu umeshajaa, upepo umegeuka. Kiboko wa kawaida, mmoja tu, anaibuka kati ya boti na nchi kavu. Wachezaji wakikata wavu watamkwepa. Wakiung'ang'ania, boti ni nzito na haigeuki. Msimamizi asihangaike kumnenepesha kiboko. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kabla dadu ya kwanza haijarushwa, kila mchezaji anajua wavu ule ni wa nani, ulikopwa kwa nani pale mjini Kashikishi, na malipo yanatakiwa lini.