Aliyeanguka Siye Lazima Aliyeonewa

Hapa Kinampanda kuna chuo cha ualimu, na walimu wapya wakishapangiwa vituo, mwenye raba miguuni hushikishwa filimbi. Nimefundisha vijana kuchezesha mpira wa kikapu, na ugomvi wa faulo unaniuma kuliko kufungwa.

Ugomvi mkubwa huzuka pale mshambuliaji anapojitosa kwenda kufunga, mlinzi kasimama njiani, wote wawili chini. Vumbi linatimka, watazamaji wanapiga kelele, na refa anamhurumia aliyeanguka vibaya zaidi. Hapana! Kuanguka hakuthibitishi kitu. Aulize: je, mlinzi alikuwa ameshafika pale, uso kwa mpinzani, miguu yote miwili chini, kabla mwenye mpira hajaruka? Kama ndiyo, faulo ni ya mshambuliaji, hata akiwa katoto ka kidato cha kwanza na mlinzi ni pande la mtu.

Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinampa mchezaji mahali aliposimama pamoja na hewa iliyo juu yake. Akiruka wima, mikono juu, akagongwa humo, hana kosa. Lakini kwenye viwanja vyetu mtoto mrefu akinyoosha mikono tu, filimbi inalia. Faulo ya tano hiyo, nje. Nchi iliyomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, inawaadhibu warefu wake kwa urefu wao.

Makocha nao wanakimbilia rufaa. Nahodha ana dakika 15 baada ya mchezo kusaini karatasi ya matokeo kuonyesha kuwa timu inapinga, lakini hapo yanapokelewa mambo kama hesabu ya pointi, saa, au uhalali wa wachezaji. Iwapo ile ilikuwa faulo au la, aliyeamua ni refa, basi. Hata NBA, ambayo tangu 2015 hutoa ripoti ya maamuzi ya dakika mbili za mwisho na kukiri makosa, haibadilishi matokeo kwa ripoti hiyo.

Kwa hiyo dawa ni kumwandaa refa mapema. Asimame ubavuni auone upenyo kati ya wachezaji wawili, maana akiwa nyuma ya mgongo wa mlinzi anabahatisha. Macho yawe kwa mlinzi, mpira auache. Halmashauri zinazonunua jezi za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, zitenge pia siku mbili za semina ya waamuzi kabla ya mashindano, tena iwe uwanjani, wachezaji wakigongana kweli, si darasani.