Anayelala Maktabani Aulizwe Kwanza

Maktaba ni nyumba ya kusoma, si nyumba ya kulala. Kauli hii hapana anayeipinga, na wala sisi hatuipingi. Lakini kuijua kanuni ni jambo moja, na kuijua sababu inayowafanya watu waivunje ni jambo jengine. Mtu mwenye kitanda na utulivu nyumbani kwake haachi godoro akaenda kulaza kichwa juu ya meza ya mbao mbele ya macho ya watu. Ukimkuta hapo, ujue kuna kitu amekikosa kwengine. Suala la kujiuliza ni hili: amekosa nini, na nani aliyepaswa kumpatia?

Tunalizungumza jambo hili kwa sababu ipo nchi moja tajiri ambayo limekwisha kuielemea, nayo ni Marekani. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ni vyema basi tutazame namna mwenzetu alivyonyolewa.

Bepari wa chuma Andrew Carnegie alitoa fedha zilizojenga maktaba za umma 1,679 katika nchi hiyo, kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kazi kubwa, na hatuna sababu ya kuibeza. Lakini ni katika kiwanda chake cha Homestead ambako mwaka 1892 ujira wa wafanyakazi ulipunguzwa, wakagoma, na damu ikamwagika. Kitabu kilitolewa kwa sadaka. Ujira wa kumwezesha mtu kuwa na nyumba uliachiwa soko.

Mwaka 1955 hospitali za serikali za wagonjwa wa akili nchini humo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Mwaka 1963 Rais John Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya matibabu karibu na makaazi ya watu, ili wagonjwa watoke katika hospitali hizo kubwa zilizofanana na jela. Nia ilikuwa njema. Wagonjwa walitolewa, lakini sehemu kubwa ya vituo walivyoahidiwa haikujengwa. Kodi za nyumba nazo zikapanda kuliko mishahara. Usiku mmoja wa Januari 2024, serikali ya nchi hiyo ilihesabu watu 771,480 wasio na makaazi.

Watu hao waende wapi mchana, khasa wakati wa baridi kali? Dukani hufukuzwa asiyenunua, na hotelini hukalishwa anayelipa. Mlango uliobaki wazi bila ya malipo ni wa maktaba. Wakaingia, wakakaa, na kwa kuwa usiku hawakulala kwa khofu na baridi, wakasinzia.

Jawabu la kwanza la wakubwa wa miji lilikuwa kanuni. Katika mji wa Morristown, jimbo la New Jersey, maktaba iliamuru kwamba kila aliyemo ndani lazima awe anasoma au anatumia vitu vya maktaba. Mtu mmoja asiye na nyumba alishitaki, na mwaka 1991 mahakama ya mwanzo ikampa haki. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa iliupindua uamuzi huo: ilikubali kuwa raia ana haki ya kupata maarifa, lakini ikasema maktaba inaweza kuweka masharti ya mwenendo. Tarehe 28 Juni 2024 Mahkama Kuu ya nchi hiyo, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilitoa hukumu katika shauri la mji wa Grants Pass kwamba kumwadhibu mtu anayelala katika viwanja vya umma si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, hata akiwa hana pahala pengine pa kulala. Sheria ikawa imetimia. Kitanda hakikupatikana.

Jawabu la pili lilitoka kwa wakutubi wenyewe. Mwaka 2009 maktaba ya umma ya San Francisco iliajiri mtumishi wa ustawi wa jamii, akawa anazungumza na watu hao na kuwaonesha njia ya tiba, chakula na makaazi. Maktaba nyingi zikaiga. Hilo ni jambo la utu. Hata hivyo, lina mpaka wake. Mwaka 2017, katika maktaba moja ya Philadelphia, wakutubi walijifunza kuwapa dawa ya kuwazindua watu waliozidiwa na madawa ya kulevya. Mtumishi aliyesomea kupanga vitabu amegeuzwa mganga wa dharura, kwa sababu idara iliyopaswa kuifanya kazi hiyo haionekani.

Sasa turudi Visiwani. Kwetu ni mara chache kumkuta maktabani mtu asiye na nyumba kabisa, kwani ukoo na ujirani bado unatusitiri. Kwetu anayesinzia juu ya daftari khasa ni mwanafunzi. Asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni, jioni anasaidia kazi za nyumbani, na usiku analala chumba kimoja na ndugu zake wanne au watano. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar; ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja.

Si mara ya kwanza taifa letu kukutana na suala hili. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure, na katika miaka iliyofuata serikali ya Mzee Abeid Amani Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ilijenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani. Waliopanga hayo walifahamu kwamba dawati na kitanda ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Na kabla yao, waliosoma vyuoni wanaikumbuka Suffa, ule ukumbi wa msikiti wa Madina ambamo masikini wasio na nyumba walilala na kusomeshwa. Hawakuambiwa wachague moja.

Wapo watakaosema kuwa tukiwahurumia wanaosinzia, maktaba itageuka dahalia. Khofu hiyo ina haki yake. Msomaji anastahiki kiti, na mkutubi anastahiki kufanya kazi aliyoajiriwa. Ndiyo maana hatusemi maktaba iwe bweni. Tunasema iwe jicho la Serikali.

Kwanza, maktaba zetu ziandike, bila ya kutaja majina, ni watu wangapi wanaosinzia, saa ngapi, wa umri gani na kwa sababu gani. Pili, mabaraza ya miji na Wizara ya Elimu wafungue madarasa yenye taa baada ya sala ya Isha, karibu na makaazi ya watu, chini ya uangalizi wa wazee wa mtaa, ili mtoto asome karibu na kwao na kisha alale kwao. Tatu, mgonjwa au asiye na mwenyewe akionekana maktabani, sheha na ofisa wa ustawi wa jamii waitwe siku hiyo hiyo. Asiachiwe mkutubi peke yake. Nne, wanaopanga nyumba za wananchi wakumbuke kona ya kusomea kama wanavyokumbuka jiko.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kijana mmoja akilala juu ya kitabu, huenda amechoka tu. Wakilala kumi kila siku, hiyo ni taarifa kwa Serikali, na ofisa anayeijibu kwa kubandika tangazo la makatazo ukutani hakuisoma.