Kandanda ya Wasichana Katika Nchi ya Mbio

Ukitaja Keringet mbele ya Mkenya anayefuatilia michezo, jina litakalomjia mdomoni ni moja tu: Faith Kipyegon. Mji huu mdogo wa Kuresoi Kusini, katika nyanda za juu za Nakuru kando ya msitu wa Mau, umeupa ulimwengu mwanamke aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: Rio de Janeiro mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Hakuna mwanariadha mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kufanya hivyo katika mbio hizo. Tarehe 5 Julai 2025, huko Eugene nchini Marekani, aliivunja tena rekodi yake mwenyewe ya dunia kwa muda wa dakika 3 na sekunde 48.68.

Hata hivyo, kuna sehemu ya habari zake ambayo hatuisimulii sana. Kabla ya kuwa mkimbiaji, Kipyegon alikuwa akicheza kandanda shuleni. Alikuwa na umri wa miaka 14 alipojipanga pamoja na wenzake kukimbia kilomita moja katika kipindi cha elimu ya viungo, naye akamaliza mbele yao kwa mita 20 hivi. Mwaka 2010 alishika nafasi ya nne katika mbio za nyika za dunia za chipukizi huko Bydgoszcz, Poland, akiwa miguu mitupu. Mwaka uliofuata, huko Punta Umbría, Uhispania, alishinda mbio hizo hizo, na bado hakuwa na viatu.

Naikumbusha habari hii kwa sababu ipo hoja inayosikika mara kwa mara katika sehemu zetu za Bonde la Ufa. Wanaoitoa husema kwamba Mungu alitugawia mbio, na kwamba msichana anayefukuza mpira anapoteza miguu ambayo ingemletea mzazi wake ng'ombe na nyumba ya mawe. Kwa watu hawa, kandanda ni mchezo wa magharibi ya nchi na wa Nairobi; sisi huku tuachiwe riadha yetu. Nami nasema hoja hiyo ina kasoro kubwa, na matukio ya miaka michache iliyopita yameifichua.

Mwezi Juni 2024, timu ya taifa ya wasichana wasiozidi umri wa miaka 17, Junior Starlets, iliitoa Burundi na kufuzu kwa Kombe la Dunia. Haikuwahi kutokea. Tangu tujipatie uhuru mwaka 1963, hakuna timu yoyote ya soka ya Kenya, ya wakubwa wala ya wadogo, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika huko. Harambee Stars, ambayo tumeilipia makocha wa kigeni na kuililia kwa miongo mingi, haijapata kufika. Waliofika ni watoto wa shule. Mwezi Oktoba mwaka huo, katika Jamhuri ya Dominika, wasichana hao chini ya kocha Mildred Cheche walifungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea Kaskazini, kisha wakailaza Mexico mabao 2 kwa 1. Hawakuvuka kundi lao, lakini waliondoka wakiwa wameipatia Kenya ushindi wake wa kwanza katika fainali za Kombe la Dunia la kandanda.

Ndugu msomaji, wasichana hawa walitoka wapi? Hawakutoka katika chuo chochote cha soka cha mamilioni. Walikuwa wanafunzi waliolelewa katika viwanja vya shule. Kwa miaka mingi shule kama Wiyeta ya Trans Nzoia, Butere ya Kakamega na Itigo ya Nandi zimekuwa na sifa katika kandanda ya wasichana kwenye michezo ya shule za sekondari. Nyuma ya shule kama hizo yupo mwalimu anayebaki uwanjani saa kumi jioni wakati wenzake wamekwenda zao, anayebeba mipira kwa mkono wake, na ambaye mara nyingi hutoa mfukoni mwake nauli ya mchezaji asiye na kitu. Ikiwa taifa linatafuta waasisi wa ufanisi wa mwaka 2024, liwatafute kwanza katika vyumba vya walimu.

Na iangaliwe vyema ramani hiyo. Nandi ni nchi ya mbio kama ilivyo Keringet. Kumbe basi riadha na kandanda si maadui. Ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo ni uwanja wa shule. Kipindi cha elimu ya viungo kilichomgundua bingwa wa mita 1,500 kati ya wacheza mpira ndicho kinachoweza kumgundua mlinda lango kati ya wakimbiaji. Mwalimu anayekifuta kipindi hicho katika ratiba ili azidishe hisabati hajui ni nani aliyemfunika siku hiyo.

Tofauti ya michezo hii miwili iko kwingine. Iko katika njia inayofuata baada ya shule. Mkimbiaji wa Keringet, akishaonekana, huikuta njia iliyokwisha kulimwa na waliomtangulia: shule itakayompa kitanda na chakula huku akisoma, kambi ya mazoezi, kocha, kisha ajira katika jeshi, polisi au magereza, na mwishoni mbio za Ulaya zenye zawadi. Njia hiyo haikuota kama uyoga. Ilichongwa na walimu na makocha kwa miaka mingi. Ndugu Colm O'Connell, kwa mfano, alifika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 akiwa mwalimu wa kawaida tu. Zaidi ya hayo, mbio hazidai vifaa vingi. Barabara ya vumbi inatosha, na mtu mmoja anatosha. Kandanda inataka watu kumi na mmoja na wengine wa kushindana nao, inataka mpira, na inataka uwanja ulio tambarare, kitu ambacho katika miteremko yetu ya majani ya chai hakipatikani kwa urahisi.

Msichana wa kandanda, kwa upande wake, akimaliza sekondari huishia ukingoni mwa shimo. Wachache hupata klabu, na katika klabu nyingi za wanawake malipo ni ya kubahatisha. Ni kweli kwamba dalili njema zipo. Polisi sasa wana timu yao ya wanawake, Kenya Police Bullets, nayo imekwisha kuwa bingwa wa ligi ya taifa. Hiyo ni njia ile ile iliyowainua wakimbiaji. Mwezi Oktoba 2025 timu ya wakubwa, Harambee Starlets, iliitoa Gambia na kufuzu kwa Kombe la Afrika la wanawake kwa mara ya pili, ya kwanza ikiwa mwaka 2016, walipopoteza mechi zote tatu nchini Cameroon. Lakini papo hapo tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 2025, Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 lilipochezwa Morocco, Kenya haikuwamo. Tulipanda mwaka mmoja, na mwaka uliofuata tukawa watazamaji.

Taifa hili lilikwisha kupewa onyo kuhusu jambo hili, nalo lilitoka katika mchezo ambao wanafunzi wa leo hawaufikirii kuwa fahari yetu: mpira wa magongo. Zamani Kenya ilikuwa miongoni mwa mabingwa wake. Tulishika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lililochezwa Barcelona, tulikuwa wa nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India pekee. Nahodha Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne. Leo tuko wapi? Timu yetu ya wanaume ilicheza Olimpiki kwa mara ya mwisho huko Seoul mwaka 1988. Umahiri ule ulitegemea zaidi jamii moja, ya Wakenya wa asili ya Kiasia, pamoja na klabu na shule chache za mijini. Familia nyingi za jamii hiyo zilipohamia ng'ambo, hapakuwa na viwanja vya kutosha kwingineko vilivyokuwa vimeandaa warithi. Mti uliokuwa na mizizi katika bustani moja ulinyauka bustani hiyo ilipoachwa.

Hilo ndilo linalonitia hofu kuhusu kandanda ya wasichana. Shule chache na walimu wachache wenye moyo zinaweza kutufikisha Kombe la Dunia mara moja. Haziwezi kutuweka huko. Mwalimu mmoja akihamishwa, akistaafu au akichoka, timu nzima hufa naye.

Serikali yetu hupenda kutoa zawadi wakati wa mavuno. Mwezi Agosti 2025, Harambee Stars ilipocheza mashindano ya CHAN nyumbani, ikailaza Morocco bao 1 kwa 0 na kuongoza kundi lake kabla ya kuondolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, wachezaji waliahidiwa shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila ushindi. Siwaonei wivu vijana wale, walistahili kushangiliwa. Nauliza tu: ni nani anayetoa zawadi wakati wa kupanda mbegu? Sehemu ndogo ya fedha za ushindi mmoja ingesawazisha viwanja vya shule kadhaa na kuvinunulia nyavu.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wameanza sekondari ya juu, na mojawapo ya mikondo mitatu wanayoweza kuchagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hii ni fursa ambayo vizazi vilivyotangulia havikuipata: mchezo umeingia darasani kwa mlango wa mbele. Lakini mkondo bila uwanja ni maandishi matupu, na mkondo bila ajira mbele yake ni ahadi ya uongo kwa mtoto. Basi kila kaunti iulizwe ina viwanja vingapi vya shule ambavyo wasichana wanaweza kuchezea. Majeshi yetu yote yafuate mfano wa polisi na kuajiri wachezaji wa kike kama yanavyoajiri wakimbiaji. Na mwalimu wa michezo ahesabiwe saa zake za jioni kuwa ni kazi, kwa maana ni kazi.

Kwenu wanafunzi wa kike wa Keringet na kwingineko, sina neno la kuwachagulia mchezo. Yule aliyewatangulia katika njia hizi za baridi na ukungu aliucheza mpira kwanza, na haukumdhuru. Kwenu walimu, nina ombi moja: kilindeni kipindi cha elimu ya viungo kama mnavyolinda mtihani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kombe tunalolitaka liko chini, katika nyasi za uwanja wa shule.