HISTORIA YETU: Mfalme aliyeletwa Kamembe

Mwezi huu tunawaletea habari ya mfalme aliyekaa hapa hapa karibu, Kamembe, kule tunakopita tukienda sokoni. Jina lake Yuhi Musinga.

Mwaka 1896 Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo walipiga kambi Shangi, kando ya Kivu. Wapiganaji wa Rwanda wakaenda kuwafukuza kwa mikuki na mishale, wakakuta bunduki. Walishindwa. Mwisho wa mwaka huo huo wakubwa wa ufalme wakauana wenyewe kwa wenyewe huko Rucunshu, na Musinga, bado kijana mdogo, akawekwa kwenye kiti. Mama yake Kanjogera na wajomba zake ndio walioshika mambo.

Basi, mwaka 1897 akafika Mjerumani, kapteni Ramsay, na bendera na barua ya ulinzi. Hawakupigana, walipokea. Wangefanyaje? Shangi walikuwa hawajaisahau, na maadui wengine walikuwa ndani ya nyumba. Na kweli walisaidiwa: mwaka 1912 watu walipoasi kaskazini, Wajerumani ndio waliowapiga.

Lakini anayekulinda naye ana vita vyake. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, na ile barua ya Ramsay haikumsaidia Musinga kitu. Wakampunguzia nguvu kidogo kidogo. Kubatizwa alikataa. Novemba 1931 wakamtoa, wakamweka mtoto wake Rudahigwa, na baba akaletwa Kamembe. Mwaka 1940 wakampeleka mbali zaidi, Moba, kule Kongo kando ya Tanganyika. Akafia huko mwaka 1944.

Wengi wetu tulitoka Kongo tukaja huku. Yeye alitolewa huku akapelekwa Kongo. Hatumcheki wala hatumsifu. Nani kati yetu hajawahi kushika mkono fulani kwa sababu mwingine haukuwepo?

Wazazi, jioni moja mkishamaliza kula, waulizeni watoto: ingekuwa ninyi mwaka 1897, mngeipokea ile bendera? Msiwakatize, waacheni wabishane. Na ninyi wazee, waelezeni mlivyoamua siku mliyofunga mizigo. Watoto, andikeni majibu yenu mtuletee. Mwezi ujao tutayasoma pamoja hapa.