Mshenga wa Deni

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, mtu anayekusudia kununua nyumba yake ya kwanza kwa mkopo hana budi kuamua kwanza kama atakwenda mwenyewe kwa mwenye fedha, au atamtuma mtu wa kati ambaye kazi yake ni kuwazungukia wakopeshaji, kulinganisha riba na shuruti zao, kisha kumrudia mteja na lile aonalo kuwa ni bora. Mas'ala haya yamefika hata Mkolani, huku kusini mwa jiji la Mwanza, ambako mnunuzi wa kiwanja, akiisha kuoneshwa mipaka, huambiwa na dalali yule yule kwamba kama fedha zimepungua asihofu, maana yeye anaye mtu wake benki. Rai yangu ni kwamba dalali asikilizwe sana katika habari ya kiwanja, na katika habari ya mkopo ashukuriwe tu kwa wema wake, kisha mnunuzi apande daladala aende mjini peke yake.

Sisemi hivi kwa kumdharau dalali, kwani insafu yataka tukiri kwamba ana elimu isiyopatikana ofisini. Yeye ndiye ajuaye ni kiwanja gani kimeuzwa mara mbili, ni kipi kimeingia katika hifadhi ya barabara, na ni wapi maji ya masika yatelemkapo kutoka kwenye majabali hata yakabomoa msingi uliojengwa kwa jasho la miaka. Lakini riziki yake hutoka katika kamisheni, na mara nyingi katika kile kiitwacho cha juu, ambacho mnunuzi hukilipa pasipo kukiona. Na mtu wa namna hiyo akiingia baina yako na benki, amekuwa mshenga anayekula kwenye nyumba zote mbili, ambaye ndoa ikifungwa yeye amekwisha kulipwa, na ikivunjika hayumo.

Wala si sisi wa kwanza kuona madhara ya jambo hilo. Huko Marekani, kabla ya msukosuko mkuu wa fedha wa mwaka 2008, lilikuwa jambo la kawaida kwa mkopeshaji kumwongezea mtu wa kati ujira kila alipomleta mteja aliyekubali riba kubwa kuliko ile aliyostahili kupewa, na ilibidi sheria ya mwaka 2010, iitwayo Dodd-Frank, ikataze ujira wa mtu huyo kufuata ukubwa wa riba. Uingereza nayo ilikuwa imekwisha kuiweka kazi hii chini ya usimamizi wa kisheria tangu mwaka 2004. Kwetu sisi jina la kazi limetangulia kufika, na adabu zake bado ziko njiani.

Benki nazo zina kisa chao. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilikufa mwaka 1995, na baada yake aghlabu ya watu walijenga kama wanavyojenga hata leo: msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, bati Mungu akijaalia. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo haimkopeshi raia bali huyakopesha mabenki ili nayo yaweze kumpa mteja muda mrefu wa kulipa. Riba, ambayo siku hizo ilikuwa juu ya asilimia 20, ilishuka ikawa baina ya 15 na 19.

Na katika pengo hilo, baina ya 15 na 19, ndimo masilahi ya mnunuzi yalimojificha. Chukua mkopo wa shilingi milioni 40 wa miaka 15, unaolipwa kwa mafungu sawa kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 17, fungu ni kama shilingi 616,000, na jumla ya malipo yote ni karibu milioni 111. Kwa asilimia 15, fungu huwa kama 560,000, na jumla karibu milioni 101. Asilimia mbili tu, ambazo mtu mwenye haraka angezipita bila ya kuzitazama, zimegeuka milioni 10. Kwa hiyo kulinganisha ni wajibu, nami nakiri kwamba karani wa mikopo hawezi kumsaidia mteja katika hilo, kwa kuwa naye ni mchuuzi wa bidhaa moja tu, ile ya benki yake. Lakini matawi ya benki katikati ya Mwanza yamekaribiana kiasi cha kutembelewa matatu kwa miguu asubuhi moja, na kila penye dawati mnunuzi aulize bila ya haya: riba yahesabiwa juu ya deni linalobaki au juu ya deni lote tangu mwanzo? Yaweza kupandishwa? Bima, mthamini na wakili, nani awalipa? Nikimaliza kulipa mapema, nitatozwa?

Liko jambo jingine ambalo benki haitalisamehe na dalali hawezi kulitibu, nalo ni hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mtu humilikishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Mwenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ijapokuwa majirani wote wanamtambua, bado hana kitu cha kuweka rehani benki; basi fedha yake ya kwanza aipeleke kwenye upimaji. Na hata mwenye hati hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe, na mtu yeyote anayeahidi kuipita ridhaa hiyo kwa saini ya kughushi anauza kesi.

Yuko, hata hivyo, mja mmoja ambaye ningemtakia mtu wa kati. Mama auzaye dagaa Mwaloni, Kirumba, mwenye mzunguko wa fedha mkubwa kuliko wa mwalimu lakini asiye na hati ya mshahara, hufika mbele ya karani akaonekana kama hana kitu. Mtu wa kumsaidia kuliweka sawa daftari lake, kuzipitisha fedha zake katika akaunti mwaka mzima, na kumwandikia maombi yanayosomeka, angekuwa anafanya kazi ya haki. Na ujira wake ulipwe na mama huyo mwenyewe, kwa kiasi kilichotajwa kabla ya kazi kuanza, mkopo upatikane au ukosekane.